Koti la Kilo Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amehamia kwetu. Kaja na begi moja la nguo na mawili ya mbegu na unga wa kijani. Utaalamu kausomea wapi? Kwenye simu! Sukari inalisha saratani, kasema. Nyama nayo. Mayai, maziwa — vyote. Nikamuuliza, na mimi nalishwa na nini? Mume wangu akacheka. Dada yake akamtazama. Akaacha.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi juisi ya bitiruti. Mchana mchicha wa kuchemsha, bila chumvi. Jioni mchicha uleule, umepoa.

Mteja kaja kuchukua gauni, kanisifu nimekuwa mwembamba, nimependeza. Nusura nimpime shingo kwa mikono!

Jumamosi, 8 Machi

Mizani ya duka la dawa: nimepungua kilo mbili na nusu. Muuguzi wa kliniki ya saratani alishanionya kwenye dozi yangu ya tatu. Kula mayai, maharage, nyama, chochote kinachopita kooni. Zikipungua kilo mbili, dozi ya nne inaahirishwa.

Nimemwambia wifi. Eti hospitali wanatafuta wateja. Mume wangu, shujaa, kanywa supu yake ya nyama jikoni kaelekea ukutani.

Naogopa. Lakini nikitapika, ni nani ananishikia beseni? Wifi. Usiku na mchana, hata pua hakunji. Mtu kama huyo unamgombezaje?

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata dawa! Koti langu zito, mifuko ya siri ndani ya bitana. Mkasi mkubwa wa chuma, na vile vyuma vya kukandamizia kitambaa: jumla kilo mbili. Mshono hauonekani. Mwaka huu sijashona kazi safi kama hii.

Alhamisi, 13 Machi

Benchi la kliniki, wifi kando yangu. Jasho. Muuguzi kauliza koti la nini na joto hili. Nikasema nasikia baridi.

Wamebaki wawili mbele yangu. Muuguzi anamfokea mzee aliyepanda mizani na simu mfukoni: dawa inapigiwa hesabu kwa uzito wako, baba, ikizidi mwili ni sumu!

Lo. Hilo sikulijua.

Kabaki mmoja. Muuguzi katangaza, makoti na viatu vyote chini. Wifi kashanyoosha mikono: "Lete koti, wifi yangu, nikushikie."

Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika.