Kidole Gumba na Salamu ya Mama Halake

Jumanne. Mawingu yametanda tangu alfajiri, na vumbi la Isiolo limetulia kidogo. Nina furaha hata mwandiko unanipinda.

Leo nimemsalimia rafiki yangu Mama Halake mpaka mwisho.

Salamu ya Kiborana si ya mbio. Mkono ukishikwa, huachiwi mpaka uulizwe watoto, mbuzi na mvua. Nami shina la kidole gumba lilikuwa linawaka moto, kwa miaka ya kupukuchua mahindi ya kuuza. Nikawa nauchomoa mkono habari zikiwa nusu, na kueleza naona aibu. Mimi Mmeru, yeye Mborana, na tangu watu wetu waanze kupigana malori hayapiti bila askari. Akaacha kuja kibandani kwangu. Iliniuma kuliko kidole.

Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, alinikagua akasema, "Viungo vimelika, mama. Hii si ya kupasuliwa kwa kisu." Basi nikajaribu mengine. Vidonge vilituliza haraka, lakini tumbo likachoma, sasa navimeza siku mbaya tu. Maji moto ya chumvi ni matamu asubuhi, vidole vinafunguka, ila jua likipanda maumivu yanarudi. Kupumzisha mkono, alisema, kunasaidia sana. Mahindi yangu atapukuchua nani?

Kilichonifaa ni ngozi. Wiki iliyopita Ekai, fundi viatu wa mtaa wa Chechelesi, alinikatia mkanda laini wa kushika kifundo cha mkono pamoja na kidole gumba, kama dresa alivyomwelekeza. Hauponyi. Lakini kidole hakiyumbi, na nikianza na maji moto kisha nikaufunga, nafika jioni bila kukaza meno kwa maumivu.

Leo nikamwona Mama Halake sokoni. Nikamfuata kabla sijaogopa.

"Nagaa?" nikaanza mimi, kumtakia amani kwa lugha yake.

Alisita, kisha akanipa mkono. Tuliulizana yote, hadi ngamia wa shemeji yake, na sikuuchomoa. Mwishowe akaugeuza mkono wangu, akapapasa ile ngozi.

"Kwani ni kidole?" akasema. "Mimi nilifikiri ni hii vita."

Nilicheka huku machozi yananitoka, pale pale mbele ya wauza vitunguu.

Kesho anakuja kunikanda na mafuta ya mkia wa kondoo. Anasema yanashinda dawa zote. Sijui kama yatashinda mkanda wa Ekai.

Yasiponisaidia, nitamwambia bado kidogo, arudi tena kesho kutwa.