Waliosimama Katikati ya Kamba

Usoke, Urambo
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, na sababu utaikuta huko mbele. Natumai kikohozi kimekuachia, na ile asali na tangawizi unainywa mwenyewe, huigawii mtaa mzima wa Bagamoyo. Goti je? Na Mwajuma anakusaidia kazi, au mdogo wangu huyo bado ameolewa na simu yake?

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, wewe ukipigiwa unaweka spika, na pale barazani kwetu habari ikiingia asubuhi, mchana inatoka imeshaota ndevu. Haya ni yako peke yako. Nimempa barua Mwalimu Shija, anayekuja huko Pwani kwenye semina, pamoja na dumu la asali. Likifika limepungua usigombe. Shija ni Mnyamwezi, mtani wetu, atakuwa amejilipa usafiri.

Nilikwambia habari za Shija. Siku niliporipoti shuleni hapa, aliposikia mimi ni Mzaramo alininyang'anya andazi mkononi mbele ya mkuu wa shule. Akasema, "Babu zenu walimtoza babu yangu hongo ndiyo apite na mzigo wake kwenda pwani. Leo nimekuja kuidai!" Kesho yake nikamfichia viatu, akafundisha kipindi kizima peku, na tangu hapo nikajua nina ndugu. Kwa kweli mama, bila utani huu wa Wazaramo na Wanyamwezi ningeshapanda treni nikarudi nyumbani.

Sasa nije kwenye lenyewe. Unamfahamu Salum kwa jina, yule mwenye duka la vifaa vya shule Tabora mjini, nyumba yao iko Chemchem. Ulinitania kwamba nilikuwa nanunua chaki nyingi kuliko shule nzima inavyoandika. Wazee wake walikuwa wamekubali kuleta washenga huko nyumbani baada ya Idi. Mimi hesabu zangu nilikuwa nimeshazifunga. Katika somo ninalofundisha kidato cha pili mwaka huu kuna kitu kinaitwa seti tupu, yaani mkusanyiko usio na hata memba mmoja, na mfano ambao nisingeweza kuwapa wanafunzi ni wanaume waliokuja kuniposa kabla ya Salum. Usicheke.

Nyumba yao ni ya Waarabu. Ndivyo mji mzima unavyoiita na ndivyo wenyewe wanavyojiita. Lakini mara ya kwanza nilipopelekwa kusalimia, alikuwepo bibi yake Salum, mama mzaa baba, Bibi Zuwena, amekaa ukumbini na bakora yake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanichungulia vizuri, akasema, "Mwangaluka." Hiyo ni salamu ya Kinyamwezi, nami Shija alishanifundisha, nikamjibu. Akaniuliza kabila, nikamwambia. Mama, bibi yule alicheka mpaka ushungi ukamdondoka! "Mtani wangu! Sijamwona mtani ndani ya nyumba hii tangu niolewe. Nikifa utakuja kunisumbua?" Nikamwambia nitalala mlangoni na hatoki mtu mpaka nipewe jogoo. Akanishika mkono, akasema, "Usije ukaniongopea."

Mwezi uliopita Bibi Zuwena akafariki. Alikufa vizuri, usingizini, Mungu amrehemu.

Nilikwenda Chemchem na basi la alfajiri. Wewe unajua mtani akifiwa na mtani wake tunafanya nini, wewe mwenyewe nilikuona kwa marehemu babu Mrisho ulivyojilaza kwenye mkeka wa wafiwa ukadai kanzu yake. Basi mwanao akafanya vilevile. Jeneza lilipoinuliwa kutoka chumbani, nikajifunga kanga ya marehemu kichwani, nikachukua bakora yake, nikajilaza kizingitini kwa urefu wangu wote. Nikapiga kelele, "Mnyamwezi huyu hatoki! Alikula andazi langu! Leteni jogoo!"

Hakucheka mtu.

Kwetu hapo ndipo watu hucheka huku wanalia, na wafiwa wakatoa chochote wapite. Pale nilisikia mashine ya kusaga ya jirani tu. Wanaume wamesimama na jeneza mabegani, wananitazama chini kama watu waliokuta nyoka. Shangazi yake Salum akaja akaninyanyua kwa mkono, kucha zikaniingia. Akasema taratibu, "Binti, hapa hatuna watani. Hii ni nyumba ya Waarabu." Nikamtafuta Salum kwa macho. Alikuwa upande wa mbele wa jeneza, anaangalia viatu vya watu. Jeneza likapita.

Nimerudi Usoke nikiwa sijielewi. Tangu siku ile Salum anajibu salamu zangu kwa neno mojamoja. Nikimuuliza habari za washenga, ananiambia wazee bado wana msiba. Nikisikia gari limesimama nje ya shule nadhani ni mtu ametumwa kunirudishia ile saa ya mkono niliyompa Salum. Mama, kosa langu nimelipiga darubini kila upande. Nilimwona memba mmoja nikadhani nimeiona seti nzima. Bibi alikuwa mtani wangu, nikajumlisha mwanawe, wajukuu, shangazi na mlango wao. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namwekea alama ya kukosa kwa wino mwekundu.

Na aibu yenyewe hainiishii. Usiku sawa, mchana sawa. Shija ananiambia, "Mzaramo, ulifanya haki, sisi tumekushukuru," lakini Shija hatanioa, ana mke na watoto tele.

Alhamisi ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Nilikuwa nje na kidato cha pili. Seti siwafundishi ubaoni kwanza, nawatoa uwanjani na kamba mbili ndefu, zile wazazi wao wanazofungia mitumba ya tumbaku. Kamba ya kwanza naiweka duara, wanaingia ambao kwao wanalima tumbaku. Kamba ya pili, wenye ng'ombe kwao. Basi huanza vurugu, maana kuna wenye vyote viwili, wanakimbia huku na huku, kila upande unawavuta. Ndipo nazisogeza kamba zipandiane, panatokea nafasi katikati, nawaambia wasimame hapo. Yale ni makutano ya seti. Wote walio ndani ya kamba, pamoja, ni muungano, na wa katikati unawahesabu mara moja tu, humpi mtu vichwa viwili. Walio nje ya kamba zote, kama watoto wa stesheni ambao kwao hawalimi wala hawafugi, bado ni wa darasa letu. Hao nao wana jina lao.

Nainua macho, namwona baba yake Salum amesimama pembeni ya uwanja, kanzu nyeupe, kofia, fimbo. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Nikamwendea, nikapiga goti, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Endelea na kazi yako. Hii ni nini?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, watoto wamenyamaza kimya ambacho mimi sikipatagi hata kwa kiboko. Akanyoosha fimbo kwa wale wa katikati.

"Na hawa, ukisema unataka wenye ng'ombe tu, wasiolima tumbaku?"

Nikajibu kama mwalimu, mama, sikuwa nimefikiria. Nikasema, "Hiyo tunaiita tofauti ya seti, baba. Unaondoa kila aliyemo kwenye kamba ya tumbaku. Hawa wa katikati ndio wanaotoka. Hata kama ng'ombe wao ni wengi kuliko wa wote."

Nikawaambia watoto watoke, wakatoka. Duara la wafugaji likabaki na wachache, na ile nafasi ya katikati tupu, nyasi zimelala kwa kukanyagwa. Ndipo nikasikia nilichokisema. Nikatamani ardhi inimeze.

Mzee akasema, si kwangu hasa, "Basi siku zote tulikuwa tunamtoa mama." Halafu akasema, "Na mimi pia. Maana ndiye aliyenizaa."

Nikasema pole baba. Akaniambia kwamba marehemu, wiki ya mwisho, alikuwa anamuuliza kila akiamka kama mtani wake amepelekewa habari. Yeye akadhani ni homa inasema. "Nilimjibu, mama, sisi hatuna watani. Akageukia ukutani." Mama, mzee mzima yule, mbele ya watoto wa watu, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Kisha akajikaza, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Arobaini yake tunaisoma Ijumaa ya wiki ijayo. Uje uimalize kazi yako. Jogoo yupo. Dada yangu nimeshamwambia, na atakayenuna atanuna."

Nikasema nitakuja. Nilikuwa nataka kuuliza lile jingine, mama, na naona alilisoma usoni mwangu. Maana alikwishageuka kuondoka, akasimama. Akasema, "Binti, mtani nimemwona. Mkwe bado sijamwona." Akaenda zake barabarani kungojea basi, sikuthubutu hata kumsindikiza.

Tangu Alhamisi nimelibeba neno hilo, naligeuza, silipati mwisho. Shija anasema ni dalili njema, mzee hawezi kuniita nyumbani kwake kisha anikatae. Mwenzangu wa chumba, Mwalimu Neema, anasema mzee amenipa jogoo ili amalizane na mimi. Salum nimempigia, akasema, "Baba hajaniambia kitu, ila jana amemtaja bibi kwa jina lake la Kinyamwezi, sote tukashtuka." Ni maneno mengi kuliko yote aliyoniambia mwezi huu.

Nitakwenda, mama. Nilimwahidi marehemu. Lakini ninaogopa, nakwambia kweli, kwamba nitajilaza tena mlangoni pale, safari hii watacheka wote, wanipe jogoo wangu, na mlango wenyewe nisiuvuke maisha.

Niombee dua Ijumaa hiyo. Nisalimie baba mdogo Hamisi, fundi cherehani wetu, mwambie suruali alizonishonea wenzangu wanaziulizia. Msalimie shangazi Tatu wa vitumbua, na bibi yangu Mwanahawa, mwambie namwota. Mwajuma mwambie asome, na barua hii asiione.

Na jambo la mwisho. Wakija washenga kutoka Tabora, usiwaweke sana barazani, wamesafiri mbali. Wasipokuja, tafadhali mama, usiniulize kwenye simu. Nipigie tu uniambie goti linaendeleaje.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi