Mama Hataki Nifute

5 Machi

Kaka,

Hujambo huko? Kifua kimepona? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini darasani haachi kwenda.

Nakuandikia kuhusu ile laptop uliyomwachia. Imezeeka. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi, bado inajifikiria. Nimeamua kuisafisha yote niweke mfumo mpya, achape maswali ya wanafunzi wake kwa raha. Diski yenyewe ndogo, na sehemu kubwa imeliwa na ile patisheni ya kiwandani, fungu la diski lililotengwa la kurudishia mashine ilivyokuwa siku ya kununuliwa. Nikataka niifute hiyo kwanza. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kurudisha, mama."

"Ya kurudisha, halafu unaifuta?"

Akaifunga laptop, akaenda nayo chumbani kwake. Anaamini vitu vyako vimo humo. Nifanyeje?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Kifua kimepona, ila kwenye hili ghala la samaki wa barafu mtu hapati joto mpaka alale.

Mwambie hamna kitu changu humo. Picha zangu nilizitoa kabla sijaondoka. Hiyo patisheni ni mambo ya kiwanda tu. Wewe ndiye fundi, unajua: inakili kwenye flashi iwe akiba, kisha futa patisheni zote, nafasi iwe moja, ndipo uweke mfumo. Mweleze taratibu.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Habari za kazi? Huku salama.

Nimemweleza. Nimemchorea hata kwenye karatasi, diski kama nyumba yenye chumba kimoja kilichofungwa. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa kufika. Mwishoni akasema, "Hayo umesema wewe. Yeye hajasema."

Anataka akusikie. Hujapiga tangu kabla ya mvua. Akisahihisha madaftari huweka simu juu ya rundo, kioo kikitazama juu. Ikilia, ni mimi niko sokoni namuuliza nilete nini. Ananijibu vizuri tu, lakini nasikia sauti yake ikishuka.

Mpigie, kaka.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumai hamjambo nyote. Samahani kwa kimya.

Si kwamba sitaki. Nikimpigia huniuliza nimekula nini, basi, hakuna zaidi. Nami kesho yake siku nzima nasimama mbele ya masanduku sikumbuki lipi linakwenda wapi. Msimamizi ameshanionya. Kuandika naweza. Sauti yake ndiyo siwezi.

Iacheni laptop ilivyo.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Mama ameamka vizuri leo, kikohozi kimeisha. Mimi pia mzima.

Jumapili ulipopiga alikuwa anafua, mimi nasuuza. Alipokea simu na povu mikononi. Ulisikia alivyokuuliza kama kuna kitu chako humo ndani. Ambacho hukukiona ni uso wake ulipomjibu, "Hamna, mama. Mimi niko huku." Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu iliyolowa, akaitikia kwa kichwa kana kwamba unamwona.

Baadaye akanitolea laptop. Alikuwa ameizungushia sweta lako la kijani. Akasema, "Haya, sasa amesema mwenyewe. Futa."

Nikanakili kwenye flashi, nikafuta. Alisimama begani kwangu muda wote.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

"Mbona haraka hivyo?"

Nikaendelea kuweka mfumo. Sasa laptop inawaka kabla hajavaa miwani, na jana amechapa maswali ya darasa zima bila kuniita. Sweta amelifua, limeanikwa uani.

Jambo moja tu. Ulipomaliza na mama ulikata. Nilikuwa nimeshasogea karibu, nimekausha mikono, nasubiri anipe simu. Akaitazama, akaniambia, "Ameshaondoka."

Ukipiga tena, usikate mpaka uniulizie. Sina shida yoyote. Nataka tu kukusikia.

Mdogo wako