Mkeka Wako wa Yoga Uko Linden

Yaya Zawadi, dada yangu mkubwa,

Barua tulizoandika kwenye kambi ya wakimbizi zote zilianza kwa kuuliza afya ya mtu. Wewe siwezi kukuuliza hiyo, donc basi nianze na afya yangu, ambayo unajua ni ya ajabu. Mabega yamepanuka. Kule depo ya Louisville, boksi ambalo wanaume wawili wanalizunguka wakilitazama, mimi nalibeba huku napiga mluzi. Nimeishi nchi nyingi, nimeona wanaume wa kila aina, na wa kunishinda kuinua chuma bado hajazaliwa. Ungekuwepo ungeniuliza, "Bon, na kuinama unaweza?"

Siwezi. Vidole vya miguu yangu naviona kwa mbali tu, kama majirani tusiosalimiana.

Unakumbuka nilivyoanza hiyo yoga yako? Nilikuja Buffalo kukuhamisha, nikashusha kochi lako kwenye ngazi peke yangu, halafu nikashindwa kuinama kufunga kiatu. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kesho yake ukanipeleka kwenye ule ukumbi karibu na Grant Street, wewe na mama wenzako wa kazi ya kutunza wazee, wote migongo imechoka kwa kuinua watu vitandani. Mwanaume nilikuwa mimi tu. Nikasimama kwa mguu mmoja nikitetemeka sawa mbuzi aliyezaliwa asubuhi hiyo. Ukaniambia, "Nguvu iko, papa. Mwenyewe ndiye hayuko."

Hukusema niache vyuma. Ulinipangia: siku ya vyuma, siku ya mkeka, na Jumapili mwili ukae kimya hata kama mwenyewe hataki. Na pumzi ulizipima kwa Baba Yetu. Pumzi moja, mstari mmoja. Kwenye "utusamehe makosa yetu" mapaja yangu yalikuwa yanawaka moto, nikaona kweli nina makosa mengi. Pasta alipohubiri kwamba yoga ni ibada ya miungu mingine, ulimngoja mlangoni. "Pasta, mimi huko chini ninasali. Kuja siku moja unisikilize." Hakuja.

Kilichonishinda ni ule mlalo wa mwisho, wa kulala chali kama maiti, mikono wazi, macho yamefungwa, bila kufanya kitu. Mimi kabla ya "ufalme wako uje" nilikuwa nimeshaketi. Ulikuwa unaniwekea mkono kwenye paji la uso: "Lala, papa. Hakuna mutu anakufukuza." Wewe, Yaya. Wewe uliyenivuta kwa mkono tukishuka milima, mimi bila viatu, ukiniambia nikimbie na nisiangalie nyuma.

Basi moyo wako ukasimama, mchana, ukiwa kazini, unamkunjia mzee mashuka. Naandika hivyo haraka nisije nikaiacha barua hapa.

Kilio tulikifanya kwa Mama, hapa Linden, Columbus. Viti vilitolewa nje, magodoro na mikeka vikatandikwa sebule nzima. Mikeka ikapungua. Mama mmoja akaupata ule wako wa yoga, wa zambarau, kwenye mizigo yako, akamtandikia Pasta yuleyule. Pasta akaukalia, akakuombea vizuri sana, kisha akaupapasa. "Mukeka huu hauteleze. Mulinunua wapi?" Mama aliuma kitenge chake kuzuia kicheko. Mimi nilishageuka nikutafute nikusimulie.

Mimi sikukaa. Nilibeba viti, nilibeba sufuria, nilibeba soda, na jeneza lako nililibeba upande wa mbele. Watu walisema, huyu kijana ana nguvu. Tangu hapo sijakaa. Natoka Louisville nakuja Columbus, natoka Columbus naenda Buffalo, napita Grant Street, nanunua ndagala, narudi. Friji imejaa samaki wakavu, na mimi ninakula nimesimama. Vyuma nainua kila siku, hata Jumapili. Bega la kulia sasa linalia kama mlango wa zamani.

Ningeendelea hivyo, Yaya, ila Mama. Mama amekataa kumaliza kilio. Bado analala chini sebuleni, na magoti yale. Akiamka anashika meza, ananing'inia kidogo, ndipo anasimama. "Mutoto wangu mumoja bado anatembea," anasema. "Akikaa, nitapanda kitanda." Nikamwambia nitamnunulia kitanda kikubwa kuliko chake. Akaniangalia. "Kitanda niko nacho."

Leo baada ya kanisa nilikuja kumsogezea friji. Niliisogeza. Nikairudisha. Mama ananitazama tu kutoka chini. Ndipo nikachukua mkeka wako, nikautandika kando ya godoro lake, nikalala chali, mikono wazi.

Nilianza Baba Yetu. Kwenye "ufalme wako uje" miguu ikataka mlango. Lakini Mama alidhani nasali, akajiunga kwa sauti, na unajua Mama anavyosali, kila neno analiketisha kwanza. Ikabidi nimngoje. Ikabidi nipumue kwa mwendo wake. Kwenye "utusamehe" nikalia, Yaya, sauti kubwa, mwili mzima huu wa kujisifia ukatikisika. Mama hakunyamaza. Akanifikisha amina, na amina ilinikuta bado nimelala.

Akainuka. Safari hii hakushika meza, alishika bega langu, lile bovu. Akaingia chumbani. Sasa namsikia anakoroma kitandani kwake. Mimi nakuandikia nikiwa chini, miguu nimeikunja vibaya, ungecheka.

Mkeka naupeleka Louisville. Vyuma siachi, usinidai hilo, lakini Jumapili ni yako, na nitalala juu yake mpaka amina. Pasta nitamwambia alikalia nini, siku nitakayojisikia kukimbia tena.

Na wewe lala, Yaya. Hakuna mutu anakufukuza.

Mudogo wako,
Amani