Kikopo Nyuma ya Sanduku la Barua

Kaka Masanja,

Nimepoteza kazi yangu ya miaka sita Jumatatu hii, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kabla hujauliza kwa nini: shikamoo. Hiyo ni ya umri wako, usiihesabu zaidi ya hapo. Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Mvua imefika huko Kolandoto, au bado mnatazama mawingu? Naandika kwa kuwa nimekupigia simu mara kumi na mbili, hukupokea hata moja.

Mji huu wa Uingereza una masanduku kumi na moja ya barua ya zamani, ya chuma, mekundu, yenye herufi za yule Malkia Viktoria ambaye ziwa letu limebeba jina lake. Watu wana mchezo hapa. Mtu anaficha kikopo, anatoa vipimo vya ramani kwenye simu, wewe unakwenda kukisaka. Ukikipata unaandika jina kwenye kikaratasi cha ndani, unakirudisha palepale. Huondoki na kitu. Nilicheka nilipoambiwa, halafu nikanogewa. Jicho la mchimbaji halistaafu. Kwa Jumamosi nne nilipata vikopo vinane, kila kimoja kando ya sanduku lake.

Cha tisa kilikuwa kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya sanduku. Nimepiga magoti, mkono mmoja umezama hadi kiwiko, mwingine umeshika tochi ya chuma. Mara kiganja begani, na sauti: "Hicho changu!"

Maneno hayo unayajua. Ulinitamkia kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu nilipoinama kwenye kiroba changu cha mawe niliyoyatoa duarani, mle shimoni, kwa siku kumi na saba. Kule mtu hakujii mgongoni bila kupiga mluzi. Asiyepiga mluzi amekuja kukuumiza. Hukupiga mluzi, kaka. Mpini wa sululu ulinipasua kisogo, nikashonwa nyuzi kumi na nne, na nilipozinduka kiroba hakipo.

Basi nami sikuuliza. Niligeuka na tochi. Taya lake lilisagika kama jiwe kwenye mashine ya karasha. Akaanguka, nikampiga tena yuko chini, na mara ya tatu, meno mawili yakabaki kwenye lami. Mwanamke mmoja akanicharaza usoni kwa mnyororo wa mbwa wake, anapiga kelele: "Mwache, mnyama wee! Huoni ni mzee?"

Ndipo nikamwona. Miaka sabini na moja, mpeleka barua mstaafu. Vikopo vyote kumi na moja ndiye aliyevificha. Alikuwa anatania. Damu yake ilirukia lile sanduku, na kwa wekundu wake wala huwezi kuiona.

Nilikamatwa, kazini wakanifukuza, na kesi ni Jumatatu ijayo. Mzee taya limefungwa waya, haongei. Aliandika swali moja, wakili wangu akaniletea: "Nani alikufundisha kupiga mtu hivi?" Nikajibu yote. Ameandika tena: nikithibitisha kwamba nilipigwa hivyo, atamwandikia hakimu nisifungwe. Lakini karatasi ya hospitali inasema jiwe lilinidondokea. Wewe ndiye uliyemwambia daktari hivyo. Mama akaamini, nami nikanyamaza miaka tisa ili asilie. Uliniambia, "Shija, damu ya ndugu haipelekwi mahakamani." Ya mzee wa watu je?

Msalimie shemeji, sijasahau uji alioninywesha kwa kijiko siku zile kichwa hakiinuki. Dada Kabula mwambie cherehani yake naikumbuka. Baba mdogo mpe shikamoo yangu. Mama usimwambie neno kwanza.

Sitaki pole wala maombi. Nataka karatasi moja, mwandiko wako, sahihi yako, picha yake kwenye simu yangu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, saa za huko. Ulinipiga, au hukunipiga? Saa kumi na dakika moja nampigia Mama, na swali hilo atakuuliza yeye.

Mdogo wako,
Shija