Fidla ya Bure

Alhamisi, 6 Novemba

Eti "mu famille hatulipane." Maneno ya mjomba wangu, tonton Déo, bado yananichoma.

Alikuja leo kunitaka nipige fidla Jumamosi kwenye harusi ya binti yake. Nikamwuliza, kwa utulivu kabisa, kama bendi nayo inapiga bure.

"Bon, wale tuliwapatia avance ya pesa kidogo. Na watu watawabandika noti, unajua."

Najua sana. Mwimbaji anamtaja mtu jina, mtu anainuka na kumbandika noti kwenye paji la uso. Fidla yangu haimtaji mtu, basi nitosheke na sahani ya wali.

Nikamwambia kwamba Jumamosi orkestra ya muziki wa klasiki imeniita nishike nafasi ya mwenzao mgonjwa. Sina mkataba nao, naishi kwa simu kama hizo. Nikikataa mara moja watazoea kumpigia mwingine, nami nitarudi kusafisha ofisi wiki nzima.

Akacheka. "Kazi gani hiyo ya kungojea wengine wagonjwe? Alors njoo, mutoto wangu, ni dakika kumi tu!"

Dakika kumi! Nyuzi nanunua mwenyewe, upinde natengenezesha mwenyewe, treni ya kwenda kwenye majaribio ya kazi nalipa mwenyewe. Na kila mara watu wa familia wanachukua...

Basi.

Maman alinyamaza mpaka tonton alipoondoka. Nikadhani yuko upande wangu. Kisha akasema polepole, "Si uwaambie orkestra unaumwa?"

Nimejifungia chumbani. Nikimjibu leo nitamkosea heshima.