Kahawa Uliyommiminia Mteka Ndege

Mama,

Salamu hizi zikufikie hapo ulipolala, na Mungu akupanulie nafasi. Najua wewe na barua hamkupatana. Ulikuwa ukisomewa, na msomaji akifika katikati tu ulishamkatiza ukamjibu aliyeandika, kana kwamba yuko chumbani. Leo huwezi kunikatiza. Nitasema mpaka nimalize, na nitaanzia pale ulipopenda mwenyewe hadithi ianzie kila walipokuja wageni: kwenye kahawa.

Ila wewe ulianza na kahawa ya kwenye ndege. Mimi naanza na ile ya mwanzo, ambayo hukuwahi kuwasimulia wageni.

Nilikuwa bi harusi wa siku tisa. Nassor, mwanao, alinileta nyumbani kwako Al Khoudh, ambako ndiko tungeishi. Mimi mtoto wa Tabora, niliyekuja Oman msichana mkubwa na Kiarabu cha kuokoteza. Kwetu tulikunywa chai ya maziwa, na ukishiba unasema umeshiba. Kwako nikakuta mawifi na mashangazi wameegemea ukuta, na wewe mwenyewe umesimama, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Ukanimiminia, nikanywa, nikarudisha. Ukamimina tena. Nikaona ni heshima hiyo, nikanywa. Ukamimina tena. Kufika ya tano moyo ulikuwa unanienda mbio, ya sita mikono inanitetemeka, na huku mashangazi wamejiziba midomo kwa mitandio, mabega yanacheza. Nilikunywa saba. Hakuna aliyeniambia kwamba finjani hutikiswa. Unaichezesha kidogo kwa ncha za vidole kabla ya kuirudisha, na hapo ndipo mwenye dele anajua umetosheka. Nassor alinieleza siku ya pili, naye akacheka.

Tangu hapo tuliishi nyumba moja miaka minne. Jina langu Zuwena ulilijua, lakini kinywani mwako nilikuwa "mke wa Nassor". Mke wa Nassor, maji yanachemka. Mke wa Nassor, nguo zinaanuliwa lini? Mimi nilikuita Mama kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na leo nakiri kwamba neno lilikuwa likitokea mdomoni tu. Tulikuwa na adabu, mapenzi hatukuwa nayo.

Kwa hiyo Nassor aliposema dada yako anaumwa Unguja, yeye kazini hawamruhusu, na mimi ndiye nitakayekusindikiza, sote wawili tulitazama sahani zetu. Kwenye uwanja wa ndege wa Seeb mkoba wako wa mkononi ulinivunja bega. Nikakuuliza kuna nini humu, ukasema, "Vya kwenda navyo." Vya kwenda navyo vilikuwa bakuli mbili za halwa ya dada yako, tende, finjani tatu ulizozifunga kwenye leso, na ile chupa nyekundu ya chai uliyoijaza kahawa. Kahawa ya ndege ulisema inanuka sabuni.

Ulikaa dirishani, mimi katikati. Kando yangu alikaa Wanjiru, dada wa Kikenya aliyekuwa akifanya kazi hotelini kule Bustan, anakwenda kwao likizo, maana ndege ilikuwa ipitie Nairobi kwanza. Tulikuwa hewani kama saa nzima pale wanaume watatu waliposimama. Mmoja akaingia kwa rubani. Wa pili akabaki mbele anapiga kelele kwamba ndege iko mikononi mwao na atakayeinuka atapigwa risasi. Wa tatu, mwenye fulana ya mistari na ndevu chache, akawekwa atulinde sisi wa nyuma. Ndege ikageuka. Nililiona jua likihama kutoka dirisha lako kwenda la upande wa pili, nikajua hatuendi Nairobi wala Unguja.

Uliniuliza jambo moja tu. "Una udhu?"

Nikasema ninao.

"Bas," ukasema, ukatoa tasbihi.

Tukatua kwenye uwanja ambao hatukuambiwa ni wapi. Wakaamuru madirisha yafungwe. Injini zikazimwa, na baridi ya ndege ikafa nazo. Watoto walilia mpaka sauti zikawakauka. Mpaka leo sijui vizuri watu wale walitaka nini. Magazeti yalisema hili na lile. Ninachokijua ni joto lile na bastola ile ikipita na kurudi kwenye ujia, na jinsi nilivyojaribu kuukumbuka uso wa Nassor nikashindwa.

Ikafika alasiri, ikafika saa yako ya kahawa. Nilikuona unainama, unaivuta chupa, nikakugusa goti usithubutu. Hukunisikiliza, maana lini ulinisikiliza? Kizibo kikatoka kwa ule mlio wake, na katika ukimya ule mlio ukawa kama wa baruti. Mwenye fulana ya mistari akaja mbio, bastola imekuelekea kifuani. Akauliza ni nini hiyo. Nikafumba macho. Nikasikia sauti yako ileile ya sebuleni:

"Kahawa. Karibu."

Wageni wakisikia hapo walikuita shujaa, na wewe uliwaachia waamini hivyo. Lakini mimi nilikuwa karibu yako, Mama. Haukuwa ushujaa. Mdomo ulijisemea wenyewe. Hujapata maishani mwako kufungua kahawa mbele ya mtu mzima usimkaribishe, na mazoea yale yalitangulia kabla hofu haijafika. Nilipofumbua macho niliona na wewe umeshtuka kwa ulichokisema. Ila mkono ulikuwa tayari unamimina.

Akapokea. Labda alikuwa na kiu kama sisi, au na yeye mkono wake ulimtangulia. Akanywa, akakurudishia finjani. Ukamimina tena. Akaitazama, akanywa, akarudisha. Ukamimina ya tatu. Jasho linamtoka, bastola mkono mmoja, finjani mkono mmoja, na nikajua, nikamjua mtu yule kuliko nilivyotaka kumjua: hajui kutikisa. Anakunywa kwa sababu anapewa. Ulipomimina ya nne akakutazama kama mtu aliyekabwa. Ndipo ukamshika kifundo cha mkono, ule usio na bastola, ukauchezesha, ukamwambia kwa Kiarabu chako chenye Uunguja ndani: "Tikisa, mwanangu. Kwenu hukufunzwa? Usipotikisa ntakumiminia mpaka chupa ishe."

Akatikisa. Na akacheka, kicheko kifupi kilichompotea mara moja, akageuka kutazama mbele kama wenzake wamemwona.

Unajua nilihisi nini, Mama? Utadhani nitasema nafuu. Nilihisi wivu. Mimi miaka minne nafua, napika, nakukanda miguu, sijalisikia neno hilo la "mwanangu", na leo unampa mwenye bastola! Mimi uliniacha ninywe saba mbele ya ukoo mzima, yeye amefundishwa kwenye ya nne! Ndivyo moyo ulivyo. Mtu anaweza kuwa amekaa na kifo na bado akahesabu finjani.

Baada ya hapo alituachia tupitishe tende kwa watoto, na kahawa kwa waliokuwa karibu, funda funda. Yakapita mazungumzo ya redio huko mbele, kelele, kimya, kelele tena. Kisha mkubwa wao akatangaza: wazee watashuka, na wanawake wenye watoto. Wengine wote wabaki, na saa zao zinahesabika.

Nilielewa upesi. Wewe ni mzee, unashuka. Mimi sina mtoto, nabaki. Sikulia. Nilianza kukufungia mkoba, nikakuwekea viatu karibu na miguu, nikawa nafikiri nikuambie nini cha kumpelekea Nassor. Mwenye fulana ya mistari akafika, akakuita mama, akakwambia simama. Hukusimama.

"Na huyu?" ukamwuliza, mkono wako umenikamata mkono.

Akasema wazee, na wenye watoto.

"Mie mwenye mtoto. Huyu mtoto wangu."

Akanitazama, mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Akasema, mtoto gani mkubwa hivi? Na tena hatufanani, ukweli ni huo, rangi wala pua.

Ukapandisha sauti, Mama, ndege nzima ikasikia, ile sauti ya kugombana na muuza samaki wa Sidab. "Nimemzaa mie au umemzaa weye? Huyu mwanangu. Akibaki nami nnabaki, unimiminie weye kahawa!"

Vidole vyako vilikuwa vimenizama kwenye nyama. Alama zake zilikaa wiki nzima na sikutaka zitoke. Yule mtu alitazama mbele, akatutazama, akaangalia chini pale finjani zilipokuwa. Akasogea, akatupisha.

Tulipopita, ulimwekea Wanjiru chupa mapajani pamoja na tende zilizobaki. Mimi sikuweza kumtazama machoni. Yeye naye alikuwa mtoto wa mtu. Hilo halijawahi kunitoka.

Kwenye basi lililotuchukua kutoka kwenye ndege watu walikuwa wanalia kwa sauti. Mimi, wala sijui ilitoka wapi, nikakuuliza: "Mama, mbona mimi uliniacha ninywe saba?"

Ukaiweka tasbihi mapajani.

"Mie walininywesha tisa," ukasema. "Sidab, mwaka tuliokuja. Tumetoka Unguja na nguo za mwilini, sijui hili wala lile. Nkanywa tisa wananchekea, nkenda kutapika nyuma ya nyumba. Nkaapa nami ntampata wa kumnywesha. Nkakupata weye."

"Na yule mbona ulimfundisha?"

"Yule ana bastola. Weye ulikuwa na bastola?"

Tukaangua kicheko, Mama. Watu wakatutazama kama wendawazimu, wanawake wawili wa mabuibui wanacheka mpaka machozi kwenye basi la waliookoka. Na machozi yalipobadilika yakawa machozi ya kweli, ulinifuta kwa ncha ya mtandio wako ukasema, "Nsamehe, Zuwena." Ndiyo siku ya kwanza kulisikia jina langu kwako.

Wengine walitoka kesho yake, wote wazima alhamdulillahi. Ijumaa moja, likizo yake ilipokwisha, Wanjiru alituulizia mpaka akatupata, akagonga mlango wetu Al Khoudh na chupa yako nyekundu mkononi. Hakuileta tupu. Aliijaza chai ya maziwa, chai ya kwetu bara, na wewe uliyekuwa ukisema chai ile ni maji ya kuoshea vyombo ulikunywa vikombe viwili ukamwomba cha tatu. Halafu ukamwuliza kama amesikia habari za yule mwenye fulana ya mistari. Akasema wako gerezani. Ukasema, "Ana mamake huyo, mahala," na jioni hiyo ulikaa sana kwenye msala.

Usidhani naandika kwamba uligeuka malaika. Uliendelea kunigombeza hadi watoto wangu, walipokuja, wakajifunza kukuiga. Na ile siku, miaka mingi baadaye, tulipokuwa tunakwenda tena Unguja na askari wa ukaguzi akasema vitu vya majimaji haviruhusiwi, akaitoa chupa kwenye mkoba! Ulimwambia, "Mwanangu, hii chupa ishawashusha watu kwenye ndege, weye unaiogopa?" Foleni nzima ikasimama. Mwishowe ukawamiminia askari kahawa yote hapohapo, mmoja mmoja, na ukamkemea aliyesahau kutikisa.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mkono wako wa kulia. Uliamka haukusikii, na ulimi umekuwa mzito. Miezi mitatu nilikunywesha mwenyewe. Nilikushikia finjani, unaonja funda, halafu nakuona unauangalia mkono ule, unauamuru, nao hauendi. Nilijua unataka kusema basi. Nilijifanya sielewi. Nikamimina tena kidogo, na tena, na wewe ukanitazama kwa jicho lile la ukorofi, ukacheka kwa nusu ya uso, maana ulijua mimi nimejua. Siku ya mwisho nilikumiminia saba, matone tu ya kulowesha midomo. Hukugeuza uso hata mara moja.

Sasa kila alasiri naweka finjani mbili. Nassor ananiacha. Watoto wanakunywa, wanatikisa, wanaondoka kwenda kwenye mambo yao. Mimi nabaki na yangu mkononi, imeshapoa, na nyumba imekaa kimya bila mtu wa kuniuliza nguo zinaanuliwa lini. Nimekukosa, Mama. Nimekukosa kuliko nilivyofikiri mtu anaweza kumkosa asiye wa damu yake, na hata hili neno la damu najua ungenikatiza hapa.

Basi lala salama, mpaka atukutanishe Mwenyewe. Finjani yangu sijaitikisa.

Mwanao,
uliyemzaa ndani ya ndege